Vyombo vya kupikia kwenye boti ya tanga: jinsi ya kuchagua vile mtarudi navyo nyumbani

Nimepika kwenye mashua ya tanga kutoka Dunga, hapa Kisumu kwa Ziwa Victoria, miaka kama sita hivi, unatoka Dunga unapita Kendu Bay, Homa Bay, Mbita, mpaka Mfangano, safari za siku nne siku tano na wageni, na kuna wakati jamaa mmoja wa Kilifi alinichukua niwe mpishi kwenye boti yake ya tanga, miezi mitatu baharini. Nilipopanda basi ya kwenda pwani nilikuwa nimebeba vyombo vyangu vya ziwani kwa gunia na madharau yangu yote, nikijiambia sufuria ni sufuria bana, maji ni maji. Nilirudi Kisumu na mwiko mmoja na kisu kimoja. Zile zingine zote bahari ilikula.

Kwa hivo haya naandika ni ya mtu anapanga safari ndefu ya tanga, iwe ni kuzunguka ziwa letu wiki moja ama kushuka Pemba na Unguja na upepo wa kaskazi, na hataki kununua kitu mara mbili. Sio lazima uwe na pesa mob. Ni kujua kuangalia tu.

Kwanza kabisa: maji ya chini ni ya aina gani, na duka liko umbali gani

Kabla hujatoa hata shilingi jibu hayo maswali mawili. Ziwa Victoria ni maji matamu. Sufuria ya kawaida ya alumini ukiiosha na maji ya ziwa ukaianika juani itakaa miaka, adui yake huku ni kuanguka, kugongwa na kusuguliwa na mchanga. Bahari ni mambo mengine. Lita moja ya maji ya bahari iko na chumvi gramu 35 hivi, na usidhani ni mpaka kitu kiguse maji, ile hewa yenyewe iko na chumvi, unafungua droo asubuhi unapata kijiko ambacho hukukitumia wiki nzima kimeshaota madoa ya rangi ya chai.

Halafu duka. Ziwani ukivunja kitu, mara nyingi kesho yake mnapita beach fulani na kuna mama ako na kibanda anauza sufuria. Baharini mkiwa siku kumi bila kuona nchi kavu, chenye mko nacho ndicho mko nacho. Ndio maana mimi siku hizi nikichagua chombo siulizi kama ni kizuri, nauliza: hiki kikivunjika mimi mwenyewe naweza kukitengeneza na koleo, waya na tupa? Kama jibu ni hapana, basi ama nabeba viwili ama sikibebi.

Sumaku na beseni la chumvi

Hizi ndizo vipimo zangu mbili na zote ni za bei ya chini sana.

Sumaku unatoa kwa spika iliyoharibika, hata fundi wa redio atakupea bure. Ukienda Kibuye (usiende Jumapili kama hupendi kusukumwasukumwa, hiyo ndiyo siku kubwa ya soko) tembea nayo mfukoni. Kijiko, sahani ama sufuria wanakwambia ni stenlesi, gusa na sumaku. Ikishika kwa nguvu, hiyo ni ile stenlesi haina nikeli, mara nyingine chini yake wamepiga muhuri wa 18/0. Inang'aa sana dukani na baharini inashika kutu mapema. Ile unataka ni 18/8 ama 18/10, kromi asilimia 18 na nikeli 8 ama 10, hiyo sumaku huteleza tu ama inashika kidogo sana kwa kona pale ilipokunjwa. Iko nyingine juu ya hizo, fundi wa boti wanaiita 316, imeongezwa molibdenamu ndio ivumilie chumvi, lakini hiyo ni ya vyuma vya boti, kutafuta sufuria ya 316 ni kujisumbua bure.

Angalizo: kisu usikipime hivyo. Chuma cha kisu kizuri lazima kiwe kigumu na chuma kigumu hushika sumaku hata kama ni stenlesi. Nilishawahi kumkatalia mzee wa watu kisu kizuri kabisa kwa sababu ya ujuaji wangu na sumaku, akaniangalia tu akaniambia "omera, wewe nenda ukanunue cha plastiki."

Cha pili ni beseni. Nunua kijiko kimoja, uma mmoja, kikombe kimoja, usinunue dazani bado. Nyumbani pima maji lita moja, weka chumvi ya kawaida vijiko vidogo sita hivi, koroga, tumbukiza vitu vyako nusu, nusu iwe nje. Mchana viwe ndani, usiku vitoe viwe na unyevu wake bila kupanguswa. Siku tatu. Mimi nilifanya hivi kwa veranda nikiwa na vijiko vya aina nne, watu wa ploti wakidhani nimeanza uganga, na siku ya pili tu kile kijiko kilichokuwa kimeandikwa stenlesi kwa herufi kubwa kabisa kilikuwa na alama za kutu pale shingoni, na kwenye yale maandishi yenyewe. Herufi ndizo zilianza kuoza. Kile cha 18/8 kilikuwa kimefifia kidogo tu. Nikarudi kuchukua dazani ya hicho.

Sufuria

Hapa ndio nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndio watu wanachomeka, na nasema kuchomeka kwa maji moto.

Sufuria yetu ya Kenya, ile ya alumini iko na ukingo bapa juu bila mishiko, watu wengi wanaona ni kitu ya kienyeji. Kwa boti ni chombo cha maana sana. Haina mshiko wa kung'oka, zinaingiana moja ndani ya nyingine kama vikombe, nne zinakaa nafasi ya moja, na ule ukingo ni mahali pazuri pa kufungia kifuniko. Shida yake ni mbili tu. Unahitaji koleo ya kushikia ama kitambaa kizito, na alumini na chumvi hazipatani, pia alumini na nyanya ama ndimu usilaze usiku mzima, inakuwa na ladha ya chuma na sufuria inatoboka vidoadoa.

Unene ndio kila kitu. Bonyeza katikati ya chini na vidole gumba viwili. Ikiingia ndani na kutoa ule mlio wa "tok", rudisha. Chini ikiwa nyembamba italika na moto, itabonyea kama bakuli, na sufuria imebonyea chini haikai kwa jiko hata kama maji yametulia, sembuse kwa mawimbi. Uliza ile nzito, wauzaji wanaijua, bei ni karibu mara mbili na wataanza kukwambia "lakini hii nyingine pia ni original", wewe nyamaza tu uendelee kubonyeza.

Chagua yenye kimo kuliko upana. Sufuria pana ni nzuri kwa harusi. Kwa boti unataka ile ndefu, na unapika ikiwa nusu, usijaze zaidi ya nusu, kwa hivo kama mko watu watano na nyumbani mngetumia ya lita nne basi beba ya lita saba ama nane.

Sasa hadithi ya mishiko. Miaka nilipoanza nilinunua sufuria inang'aa, ya stenlesi, iko na mishiko miwili mizuri, kwa duka moja mjini. Sikuangalia mishiko imeshikiliwa na nini. Ilikuwa imepigwa nukta mbili za weldi kila upande, nukta ndogo kama punje ya mtama. Tukiwa tunaikaribia Mfangano saa tisa hivi, ule upepo wa mchana wa kutoka ziwani umeshaamka, nimeinua sufuria ya maji ya ugali, mshiko wa kushoto ukabaki mkononi mwangu, peke yake. Sufuria ikainama upande. Nashukuru Mungu nilikuwa nimevaa ile suruali nzito ya mvua na maji mengi yakaenda kwa mbao, lakini hapa juu ya mguu niko na alama mpaka leo ukubwa wa chapati ya mtoto. Tulikula mkate.

Kwa hivo ukinunua sufuria ya mishiko, pindua uangalie ndani. Unataka kuona vichwa vya riveti, viwili ama vitatu kila mshiko, vikubwa. Ukiona ndani ni laini kabisa hakuna kitu, hiyo ni weldi ya nukta, na mimi kwa weldi ya nukta nimeapa. Shika mishiko, jaza maji mpaka juu hapo hapo dukani (omba tu, "mama nisaidie na maji kidogo nijaribu"), inua, tingisha. Muuzaji akikataa kukupea maji ujue anajua kitu.

Na hili nalo nililipia karo yake Kilifi. Nilikuwa na sufuria ya alumini ambayo fundi mmoja wa jua kali alinipigia mishiko na riveti za chuma, kazi safi, miaka minne ziwani haikutingishika. Baharini, mwezi wa pili nikaona unga mweupe umezunguka kila riveti, nikidhani ni chumvi nikawa nasugua. Mwezi wa tatu sufuria inavuja mahali riveti imepita. Alumini na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi hutengeneza kama betri ndogo, na kwa hiyo betri anayeliwa ni alumini, chuma kinabaki kimekaa tu. Kwa maji matamu hiyo betri ni dhaifu sana ndio maana sikuwa nimeiona. Somo: sufuria ya alumini, riveti ya alumini. Sufuria ya stenlesi, riveti ya stenlesi. Fundi atakwambia ni sawa tu, wewe lipa tofauti ya bei ya riveti, mwambie aweke ile unataka.

Kwa safari ya bahari basi mimi nachukua mbili za stenlesi nene, ile chini yake wameweka tabaka la alumini katikati ndio moto usambae, na moja ya alumini ya kwetu ya kuchemshia chai. Kwa ziwa, alumini nzito tatu zinazoingiana, basi. Nonstiki acha nyumbani, ile rangi itakwanguka wiki ya kwanza. Chuma kizito cha kukaanga kiko sawa ziwani, baharini utakuwa unakipaka mafuta kila jioni kama mtoto mchanga.

Kuishikilia sufuria isiende

Boti za tanga za bahari huwa na jiko linalobembea, limening'inizwa pembeni mbili ndio boti ikilala upande jiko libaki limesimama. Kama boti mnayopanda iko nalo, kazi yako ni kupima upana wake kabla ya kununua sufuria, watu hununua halafu wanapata mbili hazitoshei pamoja. Pima pia kama linabembea likiwa na sufuria imejaa juu, sio tupu, maana uzito ukiwa juu linaweza kupinduka kabisa.

Mashua zetu hazina hiyo. Hapo unaenda kwa fundi. Mwambie akutengenezee fensi ya kuzunguka jiko kimo cha vidole vinne, na vishikio vya kubana sufuria kutoka pande nne, vinateleza na kukazwa na nati ya masikio ndio ukaze na mkono bila spana. Nondo nyembamba ya milimita sita inatosha ziwani. Usichore kwa maneno, beba sufuria yenyewe na jiko lenyewe mpaka kwa fundi, aweke apime, kwa sababu ukimwambia "inchi kumi" atakutengenezea inchi kumi za kichwani mwake.

Na ugali? Ugali hata na vishikio inasumbua, ule mkono wa kusonga unasukuma jiko lote. Chemsha maji, weka unga, ikianza kushika shusha sufuria chini, kaa kitako, ibane katikati ya miguu na gunia lenye unyevu, songa hapo. Ndivyo wavuvi wanafanya na hawajakosea.

Jiko na moto wake

Ule mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye bana (kile kichomeo cha moto) juu kwa juu, tuseme ukweli, ndio jiko la nusu ya Kenya. Kwa boti ni hatari. Ni mrefu, uzito wa sufuria uko juu kabisa, wimbi moja na umelala. Toa ile bana, weka regulata na paipu, upeleke gesi kwa jiko fupi la bana mbili lililofungwa na skrubu.

Lakini kitu kikubwa ni hiki na nitakirudia hata ukichoka: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja unafungua mlango inatoka. Kwa boti inashuka chini kabisa, pale kwa tumbo la boti ambapo maji hujikusanya, inakaa hapo kimya kama maji kwa beseni, halafu mtu anawasha swichi ya pampu. Kwa hivo mtungi ukae nje juu ya sitaha, ama kwa sanduku lililotobolewa tundu chini la kumwaga gesi nje ya boti. Ukimaliza kupika unafunga mtungini kwanza, unaacha moto wa paipu uishe wenyewe, ndio unafunga jiko. Paipu ibadilishe ukiona imeanza kupasuka ukiikunja, na viungo vyote pima na povu la sabuni, sio na kiberiti, kuna watu bado wanapima na kiberiti jameni.

Kujua gesi imebaki ngapi, usitingishe mtungi. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa muhuri kwa mtungi wenyewe. Ning'iniza kwa mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki, toa ule uzito, inayobaki ni gesi. Pima wiki moja nyumbani mkipika vile mtapika botini, utajua mnakula kilo ngapi kwa wiki na hutakisia. Chini ya mtungi weka raba, maana ule ukingo wa chini ndio unaliwa na kutu kwanza.

Jiko la mkaa lile la udongo ndani ni tamu kwa mashua wazi, samaki wa kuchoma pale Takawiri jioni huwezi linganisha na kitu. Liweke ndani ya karai lenye mchanga. Jua tu ule udongo ukimwagikiwa maji baridi ukiwa moto unapasuka, na kwa mashua maji humwagika, kwa hivo beba ukijua huenda likarudi na ufa. Na ndani ya boti yenye chumba, mkaa hapana, usiku ama mchana, mvua ama baridi. Ule moshi usioonekana unaua watu wakiwa usingizini na hauna harufu.

Presha kuka

Nilikuwa mbishi nayo, sasa ndio chombo cha kwanza naweka kwa gunia. Kifuniko kinajifunga, ikianguka chakula hakimwagiki, na maharagwe yanakula gesi kidogo sana. Kuna kitu watu wa huku wengi hawajui, Kisumu iko mita kama 1,130 juu ya bahari na maji yanachemka kwa nyuzi 96 hivi badala ya 100, na Nakuru juu zaidi ni karibu 94, ndio maana githeri ya Nakuru inachukua milele. Ukishuka pwani kwa sufuria ya kawaida utaona maharagwe yameiva mapema mpaka unashangaa. Presha kuka inapandisha joto mpaka karibu 120 popote ulipo.

Nunua yenye mwili wa stenlesi kama ni bahari. Mbele ya yote uliza raba yake ya kifuniko inauzwa kando ama hapana. Haiuzwi kando? Wacha hiyo presha kuka. Nunua raba mbili za ziada na valvu moja ya usalama, zihifadhi mbali na jua na mafuta. Na mshiko uwe umefungwa na skrubu unazoweza kukaza.

Kisu

Vitatu. Kikubwa cha mboga na nyama, chembamba cha kupasua samaki, kidogo cha kitunguu. Angalia mshiko kwa upande: chuma kinatakiwa kionekane kimepita katikati mpaka mwisho, na riveti tatu. Kama chuma kinaingia tu kidogo ndani ya plastiki, siku utapasua kichwa cha mbuta (sangara) ndio siku kitavunjika.

Kile kisu kilirudi na mimi kutoka Kilifi ni cha fundi, kimefuliwa kutoka kwa springi ya gari, kinashika kutu ukikitazama vibaya lakini nilikuwa nakipangusa na kitambaa chenye mafuta kila nikimaliza, dakika moja tu. Vya stenlesi vya dukani viwili nilivitegemea vijitunze, vikaota mashimo. Ala ya kisu usitumie ngozi baharini, inanyonya chumvi na kuitunza. Kata jerikeni ya zamani, kunja, shona na nailoni ya nyavu, toboa tundu chini maji yatoke.

Mwiko na vidogo vidogo

Mwiko uwe mti wa mpera kama utapata, mgumu, haupasuki. Angalia nyuzi za mti zinaenda na urefu, zikikata upande utavunjikia ndani ya ugali. Epuka saipresi, chai yote itanuka kabati jipya. Kila mwiko, upawa na koleo, toboa tundu na funga kitanzi cha kamba.

Kifungua mkebe beba kile cha zamani cha kukata kwa mkono, kisicho na gurudumu, viwili. Vya gurudumu chumvi inavikausha, utabaki unatazama mkebe wa nyama. Themosi iwe ya stenlesi ndani na nje, ya kioo itavunjika, hiyo sibishani na mtu. Bakuli badala ya sahani, za kina. Vikombe vya enameli vile vya nyanya zetu ni sawa ziwani, ila kikibanduka rangi ujue kutu inaanzia pale. Ubao wa kukatia, kata vipande vya tyubu ya baiskeli ubandike kwa kona nne, hautelezi tena. Tyubu ya baiskeli kwa ujumla nunua kibao, ndio mkanda wa kila kitu, inafunga kifuniko kwa sufuria, inashika themosi kwa nguzo.

Stili wuli usibebe. Inaacha vichembe vya chuma kwa stenlesi yako na hivyo ndivyo vinaota kutu, halafu unalaumu sufuria. Sponji, ama kamba ya katani.

Jaribu nyumbani wiki mbili kabla

Weka jiko lako juu ya ubao, upande mmoja inua na matofali mawili. Pika hivyo chakula cha jioni siku tatu. Utaonekana mwehu, ni sawa. Siku ya kwanza utagundua kifuniko gani kinateleza, ya pili utagundua huna mahali pa kuweka kijiko, ya tatu utakuwa umeondoa nusu ya vitu ulivyotaka kubeba. Mke wangu ndiye aliniambia siku ya tatu, "baba, kwani hii sufuria ya nne hujaigusa ni ya nini?" Nikaiacha, na hakuna siku niliikumbuka.

Vya kutengenezea

Mkebe mmoja wenye kifuniko: riveti za alumini na za stenlesi kumi kumi, drili ya mkono, koleo, waya ya stenlesi mita tatu, tupa, jiwe la kunolea, raba za presha kuka, regulata ya pili, gundi ya kuchanganya ya mafundi wa boti (iwe ya mishiko na vifuniko, usizibe nayo ndani ya sufuria), skrubu za mishiko, chupa ndogo ya mafuta ya kupikia. Huo mkebe ndio unafungwa karibu, usiuweke chini ya viazi.

Kuosha nako. Ziwani osha ndani ya beseni, sio kuning'inia nje ya mashua, vijiko vyangu vingi viko chini ya maji kati ya Rusinga na Mfangano hapo. Na maji ya ziwa ya kusuuza mwisho yawe yamechemshwa, kichocho na kipindupindu hazijaisha huku. Baharini unaosha na maji ya chumvi ndio uokoe maji ya kunywa, sawa, lakini kikombe kimoja cha maji matamu kizungushe kwa vyombo vyote mwisho, kutoka kile kisafi kwenda kile kichafu, halafu pangusa kila kimoja kikauke kabla ya kukiingiza kwa kingine. Sufuria zikiingizana na unyevu katikati zinashikana, na baada ya siku nne utaomba watu wawili wavute.